Mafunzo Niliyoyapata Tulipotengeneza Video ya Maduka

Wahenga walinena kuwa biashara haigombi. Methali hii nilikuwa nikiiandika tu katika insha, lakini muhula uliopita nilipata kuiona kwa macho. Sisi wanachama 6 wa Chama cha Kiswahili tulitengeneza video ya dakika 12 kuhusu maduka ya hapa kwetu Mombasa. Tulichagua matatu: duka la rejareja la Majengo, duka la leso la Biashara Street, na banda la viungo katika soko la Marikiti. Vifaa vyetu vilikuwa simu 2 za walimu, basi. Haya ndiyo mafunzo niliyoyapata, nami nawapa wenzangu wa mwaka ujao.

Funzo la kwanza: hodi kwanza, kamera baadaye. Mwenye duka akiona simu imeelekezwa kwake, huwaza mengi. Labda hawa ni watu wa kodi. Labda wametoka kaunti kuangalia leseni. Kwa hivyo siku ya kwanza tulienda mikono mitupu. Tuliamkia, tukanunua mahamri, tukaeleza tunatoka shule gani na video itaonyeshwa wapi. Mzee wa Majengo akatuuliza, "Sasa nyinyi mwataka kunitoa kwenye video, mimi na kikoi changu hiki?" Tukacheka sote. Siku ya pili tulipofika na simu, mzee alikuwa amevaa kanzu nyeupe pepepe!

Funzo la pili: swali dogo huzaa jibu kubwa. Ukimwuliza mwenye duka, "Biashara vipi?" atakujibu, "Alhamdulillahi, twashukuru." Hadithi imekwisha hapo. Lakini tulipomwuliza mzee, "Leo mteja wa kwanza alikuja saa ngapi, na alitaka nini?" alijibu mara moja: "Saa kumi na moja u nusu. Mtoto. Alitaka mkate, sukari robo na majani ya chai ya shilingi kumi." Katika jibu hilo moja mna somo zima la uchumi. Mzee hununua sukari kwa jumla, gunia la kilo 50, kisha huipima robo robo. Faida ya kila robo ni ndogo sana. Hata hivyo, mtu anayelipwa kibarua kwa siku hununua chakula cha siku, na duka la rejareja ndilo linalomfaa.

Funzo la tatu: sikio lina haki yake. Picha ikitetemeka kidogo mtazamaji huvumilia, lakini asiposikia maneno ataondoka. Tuktuk na mikokoteni ya Marikiti haina simile! Simu moja tuliitumia kwa picha, na ya pili tukaitia katika mfuko wa shati la msemaji ili inase sauti. Kabla ya kuanza, mmoja wetu alipiga kofi mara moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo lililotusaidia baadaye kuioanisha picha na sauti. Tena, duka huwa na giza ndani na jua kali nje. Mpiga picha auache mlango nyuma ya mgongo wake, ili mwangaza umwangukie msemaji usoni.

Funzo la nne: video ni darasa la lugha. Katika duka la leso nilijifunza kuwa leso mbili zilizo pamoja huitwa doti, ukingo wake ni pindo, sehemu ya katikati ni mji, na maandishi yake ni jina. Hata neno "leso" lina safari yake: limetoka kwa Wareno, nao waliita hivyo kitambaa cha mkono. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walivishona vitambaa vya namna hiyo pamoja, wakapata vazi. Ukiipiga leso picha, ishike simu imara, uhesabu hadi kumi. La sivyo, mtazamaji hatawahi kulisoma jina.

Funzo la tano, na ndilo zito kuliko yote, lilihusu daftari la madeni. Mzee wa Majengo ameandika ukutani, "Leo pesa, kesho mkopo," lakini chini ya meza ana daftari. Alilifungua mwenyewe mbele ya kamera, akatuonyesha jinsi anavyowakopesha majirani hadi mwisho wa mwezi. Picha ilitoka nzuri kuliko zote tulizopiga. Tulipokuwa tukiihariri, mwenzetu mmoja akanyamaza ghafla. Jina la mama yake lilikuwa pale, mstari wa nne.

Tulibishana jioni nzima. Wengine walisema mzee alituruhusu. Ni kweli, lakini daftari ni la mzee na majina ni ya watu. Ruhusa ya mwenye duka si ruhusa ya wateja wake. Isitoshe, nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayolinda habari za mtu binafsi. Tukapiga kura, watano kwa mmoja, picha ikafutwa. Tulirudi dukani tukapiga jalada tu, mkono wa mzee ukiwa juu yake. Tulipomweleza sababu, alitutazama kitambo, kisha akasema, "Mmefanya vyema, wanangu. Hawa wote ni watu wangu." Ama kweli, aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Basi, enyi mtakaopokea kazi hii, maduka bado ni mengi: kinyozi, fundi cherehani, muuza mkaa. Ombeni ruhusa, ulizeni maswali madogo, na kabla ya kuionyesha video shuleni, mwonyesheni kwanza mwenye duka. Akisema, "Hapo toeni," toeni.