Usinunue Betri Bado: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Wenye Boti wa Stockholm

Haya yanawahusu mliotoka Mombasa, Tanga, Unguja na Lamu, mkafika Stockholm, mkanunua boti za mtumba zenye mashine ya kupachika nyuma, na sasa kila Jumamosi ya jua mnapigiana simu kuulizana nani ana betri ya kuazima. Kwetu mvuvi ana Yamaha ya nguvu za farasi 40, anachanganya petroli na oili, anavuta kamba, anaondoka. Mashine mliyonunua huku ina stata, ina pampu ya mafuta ya umeme, ina kompyuta yake, na dashibodi imejaa vioo vya GPS na kipima kina. Umeme ukikata, ubavu hausaidii. Na wengi wenu mmeshanunua betri mbili kwa kosa ambalo halikuwa la betri.

Pima kwanza. Mita ya umeme ni bei rahisi kuliko betri yoyote. Betri iliyolala usiku kucha bila kutumika ikisoma volti 12.6 au 12.7, imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikifika 12.0, imekaribia kwisha, usibishane nayo. Kisha washa mashine, ongeza moto kidogo, pima tena kwenye vichwa vile vile vya betri. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5 hivi, inachaji. Ukiona 12.4 na inazidi kushuka, mashine haichaji, na hata ukiweka betri mpya leo utakuwa umeahirisha tu siku ya kukwama. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na betri inachemshwa. Zima mashine, usingoje harufu ya mayai yaliyooza.

Kipimo cha tatu ndicho wanachokiruka karibu wote. Mwambie mwenzako azungushe ufunguo huku wewe unatazama mita. Volti za betri zikiporomoka chini ya 10, shuku betri. Zikibaki 12 na stata iko kimya, betri haina kosa: umeme unazuiwa njiani. Hapo weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye nati ya stata pale waya mnene unapoingilia, mwenzako azungushe tena. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, hiyo ndiyo inayoliwa na kutu au nati iliyolegea katikati. Fanya hivyo hivyo upande wa waya mweusi. Upande huo husahauliwa, na ndiko ubaya unakojificha mara nyingi.

Usianze kwa kufungua mashine. Anza na yale yatakayokutia aibu mbele ya fundi. Swichi kuu ya betri imewashwa? Gia iko nyutro? Kile kibanio chekundu cha kamba ya usalama kipo mahali pake, au mtoto alikichomoa akichezea? Fyuzi ya mashine, ambayo mara nyingi ni ya ampia 20 au 30, iko nzima? Hayo yote yanakaguliwa kabla chai haijapoa.

Usifunge fyuzi kwa karatasi ya sigara. Najua tulivyozoea. Fyuzi ikikatika imekwambia kuna shoti mahali. Ukiweka kubwa zaidi au ukaizibia, waya ndio utakaogeuka fyuzi, nao umelazwa kando ya tangi la petroli.

Safisha vichwa vya betri na ukaze kwa spana. Nati zile za masikio, za kukazwa kwa vidole, zing'oe utupe, kwa sababu mtikisiko wa mawimbi huzilegeza. Weka nati za kawaida na washa za kushikilia. Unapofungua, anza na mweusi. Unapofunga, mweusi uwe wa mwisho. Ukishamaliza, paka vaselini.

Kuna wanaojidanganya kwamba maji ya huku hayana chumvi. Mälaren kweli ni ziwa, maji baridi. Ukivuka lango la maji la Hammarby ukaingia upande wa Saltsjön, umeingia Baltiki, yenye gramu kama 6 za chumvi kwa kilo moja ya maji, wakati Bahari ya Hindi ina kama 35. Kidogo, ndiyo, lakini inatosha kupanda ndani ya ganda la waya na kuigeuza shaba kuwa unga wa kijani ambao huuoni mpaka ukate. Tumia waya wa boti uliopakwa bati, ubane viungo kwa koleo lake, ufunike kwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu ni kwa redio ya sebuleni.

Usichomoe betri mashine ikinguruma. Hili nalikataza kuliko yote. Mafundi wa magari ya zamani walikuwa na mtindo wa kulegeza kichwa cha betri ili waone kama alternata inafanya kazi. Kwenye mashine ya boti huo ni uuaji. Chini ya flaiwili kuna sumaku zinazozunguka koili, zinatoa umeme wa kwenda na kurudi, na rekitifaya inaunyoosha uingie kwenye betri. Betri ndiyo inayoumeza. Iondoe ghafla, volti zinaruka, dayodi za rekitifaya zinaungua. Kuzima swichi kuu ukiwa mwendoni ni kosa lile lile. Kubadilisha nyekundu na nyeusi kunaua haraka zaidi. Na ukitaka betri ya lithiamu, muulize kwanza mtengenezaji wa mashine yako kama inakubali, maana betri hizo huweza kujikata zenyewe katikati ya kuchaji.

Dalili moja ya bure: kwenye mashine nyingi, saa ya mizunguko huchukua habari zake kwenye koili hizo hizo za kuchaji. Mshale ukilala sifuri huku mashine inavuma, shuku rekitifaya kabla ya kushuku saa.

Fanya hesabu ya matumizi. Mashine ndogo hutoa kama ampia 6 ikiwa imefunguliwa moto, na chache mno ikienda polepole. Ukizunguka Djurgården alasiri nzima kwa mwendo wa kutazama majumba, friji na muziki vimewashwa, umekula akiba. Hapo hakuna kilichoharibika.

Usisubiri giza ndipo ujue taa zimekufa. Juni usiku wa huku haukolei, na taa husahauliwa. Mwishoni mwa Agosti giza linakukuta Vaxholm, na sheria inataka taa kuanzia jua kuzama.

Weka simu iliyochajiwa ndani ya mfuko usioingiza maji. Redio ya boti inakula betri ile ile iliyokufa. Maisha yakiwa hatarini, piga 112. Ukiwa umekwama tu na bahari imetulia, Sjöräddningssällskapet, chama cha wajitoleaji kilichopo tangu 1907, kina msaada kwa wanachama wake. Jiunge kabla ya kukwama.

Oktoba, beba betri nyumbani ikiwa imejaa. Iliyojaa huhimili baridi yoyote ya Stockholm. Iliyoisha huganda kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri au hata kabla, ikapasuka. Usiichaji kwenye chumba chenye moto wa gesi, kwa kuwa betri ikichajiwa hutoa haidrojeni. Ipime kila mwezi. Aprili, pima mfumo wote boti ikiwa bado juu ya vigogo, na usiiwashe mashine bila maji ya kuipoza. Huko nchi kavu, angalau spana ikidondoka inaokoteka.