SAFARI NA SIKU YA MATOKEO

Mkulima hajui siku mvua itakaponyesha, lakini kila mwaka huandaa shamba lake. Asingoje mawingu ndipo akatafute jembe. Katika somo hili tutasoma mfano wa jamaa moja iliyotaka kusafiri, na jinsi siku moja isiyojulikana ilivyotaka kuifunga njia yao. Someni polepole, kisha mjibu maswali yaliyo mwisho.

1. Jamaa ya Bariadi

Mji wa Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, ukapewa jina la mto Simiyu, ambao maji yake hushuka mpaka Ziwa Victoria. Una wilaya tano, nazo ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, na zao lao kuu la biashara ni pamba. Pamba hupandwa Novemba na Desemba, hupaliliwa mwaka mpya unapoanza, na soko lake hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Mei. Kwa hiyo mkulima wa huko ana kalenda mbili: kalenda ya ukutani na kalenda ya shamba.

Karibu na mji huo alikaa mkulima mmoja na mkewe na watoto wao watatu. Binti yao mkubwa, mwenye umri wa miaka 17, alikuwa amefanya mtihani wa Kidato cha Nne mwezi wa Novemba. Wa pili, mvulana, alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi kama ninyi. Wa tatu alikuwa bado mdogo. Bibi yao, mzaa mama, alikaa Kisesa, karibu na Mwanza. Alikuwa mzee, macho yake yameanza kufifia, na kwa miaka mitatu hakuwaona wajukuu wake. Basi baba alipouza pamba katika chama cha ushirika, aliweka kando nauli ya watu watano.

2. Shauri la Baba

Usiku mmoja wa Desemba, baada ya chakula, baba akanena, “Safari ya kwa bibi ipo, lakini tutangoja matokeo ya dada yenu. Akifaulu, tutakwenda na habari njema. Asipofaulu, tutakaa nyumbani. Maana nitamwambia nini mama mkwe?”

Baba hakusema hivyo kwa ukali. Alidhani kwamba anamtia binti yake moyo. Lakini mtihani ulikuwa umekwisha kufanywa, na karatasi zilikuwa zimekwisha kukusanywa. Msichana hakuweza tena kuongeza neno wala kufuta neno. Ahadi ile, ambayo kabla ya mtihani ingaliweza kumsukuma asome, sasa ilikuwa mzigo tu. Tangu usiku ule akala kidogo, akalala kidogo. Alijiona kwamba amebeba mabegani pake safari ya watu watano, tena na furaha ya bibi yake.

Mama akaona, asiseme neno mbele ya watoto.

3. Hesabu chini ya Mwembe

Jioni ya pili akaja jirani yao, mwalimu mstaafu. Walipokwisha kuamkiana, wakaketi chini ya mwembe. Mama akasema, “Mwalimu, baba watoto anangoja siku ya matokeo ndipo tusafiri. Siku yenyewe ni ipi?”

Mwalimu akacheka kidogo, akajibu, “Mama, siku hiyo hata mimi siijui. Mtihani huu husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Karatasi za nchi nzima hukusanywa, husahihishwa, na alama huhakikiwa. Kazi ikiisha ndipo Katibu Mtendaji wa Baraza hutangaza. Haikuandikwa katika kalenda kama sikukuu. Lakini mimi huandika siku zilizopita katika daftari langu.”

Akalifungua, akasoma: “Matokeo ya mtihani wa mwaka 2021 yalitangazwa tarehe 15 Januari 2022. Ya mwaka 2022 yalitangazwa tarehe 29 Januari 2023. Ya mwaka 2023, tarehe 25 Januari 2024. Ya mwaka 2024, tarehe 23 Januari 2025.”

Yule mvulana alikuwa akisikiliza. Akaomba ruhusa kusema, akachukua kijiti, akaandika mchangani. “Baba,” akasema, “mwaka 2024 shule zilifunguliwa tarehe 8 Januari, na matokeo yakatoka tarehe 25. Hizo ni siku 17. Mwaka 2025 shule zilifunguliwa tarehe 13, na matokeo yakatoka tarehe 23. Hizo ni siku 10. Tukingoja matokeo, mimi nitakuwa darasani.”

Mama akaongeza, “Na sisi tutakuwa katika palizi. Pamba haingoji mtu arudi kutoka Kisesa.”

Baba akatazama zile namba mchangani kwa muda mrefu. Aliona sasa kwamba safari yake ameifunga kwenye mti usio na mizizi. Siku aliyoingoja haikujulikana. Tena ikija, itakuta likizo imekwisha na shamba limeota magugu. Hata binti yake akifaulu vema kuliko wote, safari isingaliwezekana.

Mwalimu akasema kwa upole, “Wazee walituambia, usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Wewe hukukata kanzu tu, bali umemwambia na mzazi kwamba mtoto akiwa hivi atavikwa, na akiwa vile hatavikwa. Niambie, ndugu yangu, je, bibi wa Kisesa aliuliza habari za matokeo?”

Baba akajibu, “La. Aliuliza habari za wajukuu.”

“Basi umekwisha kujijibu,” mwalimu akasema.

4. Matayarisho

Usiku ule baba akawaita wote. Akasema, “Tutaondoka tarehe 27 Desemba na kurudi tarehe 2 Januari, matokeo yawe bado.”

Binti akauliza kwa sauti ndogo, “Baba, na ikiwa sikufaulu, hamtajuta kwamba mlinipeleka?”

Baba akajibu, “Mwanangu, nilikosea. Safari hii si zawadi ya mtihani. Ni ya bibi yako na ya sisi sote. Matokeo yana siku yake, nayo tutaikabili pamoja tukiwa nyumbani.”

Ndipo wakagawana kazi. Baba akakata tiketi mapema, kwa sababu mwisho wa mwaka mabasi hujaa watu wanaorudi kwao. Mama akamwomba jirani awatazamie mifugo. Binti akaandika namba yake ya mtihani katika karatasi mbili. Moja akaiweka ndani ya kitabu chake, na nyingine akampa mama. Tena wakapatana jambo moja kubwa: matokeo yakitoka, binti ndiye atakayeyafungua wa kwanza, wala hapana mtu atakayeyatangaza kwa majirani kabla yake.

5. Kisesa

Basi likaondoka Bariadi alfajiri. Likafika Lamadi, katika Wilaya ya Busega, mahali njia ya Bariadi inapokutana na barabara kuu itokayo Musoma kwenda Mwanza. Toka hapo wakageuka kusini, wakapita Magu. Mara kwa mara waliliona Ziwa Victoria upande wa kulia, likimeta kama bati jipya. Mvulana akamweleza mdogo wake kwamba ziwa hili ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na kwamba nchi tatu zinaligawana: Tanzania, Uganda na Kenya.

Bibi aliwapokea uani. Watoto wakapiga magoti kumwamkia. Mama alipotaka kumweleza kwamba mjukuu wake mkubwa angali akingoja kujua kama atapata daraja la kwanza au la pili, bibi akamkatiza. “Mimi,” akasema, “katika ujana wangu nilivuka mito mingi isiyo na daraja, na leo nipo. Mleteni mjukuu wangu nimshike uso.”

Wote wakacheka, na msichana akacheka kuliko wote. Usiku ule akala akashiba.

Siku ya tatu wakaenda Bujora, karibu na hapo, kuona makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Wakaona ngoma za watemi wa zamani na vyombo vya nyumbani. Wakasikia pia habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wacheza ngoma ambavyo tangu zamani hushindana mbele ya watu. Bibi akawaambia, “Katika ngoma, chama kinachoshindwa leo hakichomi ngoma zake. Hurudi nyumbani, kikajifunza, kikaja tena mwaka wa pili.” Hakumtazama mjukuu wake aliposema hivyo, lakini mjukuu alisikia.

Tarehe 2 Januari wakarudi kwao.

6. Siku Yenyewe

Shule zikafunguliwa, mvulana akaenda zake darasani. Baba akaanza palizi. Siku moja katika nusu ya pili ya Januari habari ikaenea: matokeo yametoka. Binti akachukua simu ya mama yake, akafungua tovuti ya Baraza. Mara ya kwanza ikakataa, na ya pili ikakataa, kwa maana watu wengi walikuwa wakiifungua kwa wakati mmoja. Mara ya tatu ikafunguka. Mama akakaa kando yake, asiulize neno.

Msichana alipata Daraja la Tatu, alama 24. Ninyi msomao, fahamuni jinsi alama hizo zinavyohesabiwa. Huchukuliwa masomo saba ambayo mtahiniwa ameyafanya vema zaidi. A huhesabiwa 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Kwa hiyo alama chache ndizo bora. Daraja la Kwanza ni alama 7 mpaka 17, la Pili ni 18 mpaka 21, la Tatu ni 22 mpaka 25, na la Nne ni 26 mpaka 33. Huyu msichana alikuwa na C nne na D tatu.

Hakuwa amepata alilotamani, wala hakuwa ameanguka. Machozi yakamtoka. Baba akaja kutoka shambani, jembe begani, akasikia. Akasimama kidogo, kisha akauliza, “Umekula?” Akasema hakula. “Basi tule kwanza,” baba akasema. Baada ya chakula wakampigia bibi simu. Bibi akauliza habari za afya yake, akauliza habari za mvua, ndipo akauliza habari za mtihani.

Kesho yake msichana akaenda kwa mwalimu mstaafu. Wakatazama kila somo, wakapima njia zilizokuwa mbele yake: kungoja uchaguzi wa Kidato cha Tano, kuomba nafasi katika chuo, kujifunza kazi ya mikono katika vyuo vya ufundi stadi, au kurudia masomo aliyopata D akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Alizitafakari akili yake ikiwa imetulia.

7. Mambo ya Kukumbuka

Kwanza, atakaye kupanga safari na ahesabu siku anazozijua: siku ya kufunga shule, siku ya kuifungua, majira ya kulima na ya kupalilia. Siku asiyoijua asiifanye nguzo ya nyumba.

Pili, zawadi humsaidia mtoto ikiahidiwa wakati bado ana kazi ya kufanya. Kazi ikiisha, ahadi hiyo hiyo humtia hofu bure, kwa maana hana tena la kutenda.

Tatu, matokeo hueleza jinsi mtu alivyojibu maswali katika siku chache za Novemba. Ni habari kubwa, nayo hufungua milango na kufunga mingine. Kwa hiyo tusiyadharau. Lakini hayasemi kama mtoto ni wa nyumba ile au si wa nyumba ile. Hilo lilijulikana tangu siku alipozaliwa.

MASWALI

1. Taja wilaya tano za Mkoa wa Simiyu.
2. Kwa nini ahadi ya baba haikuweza kumsaidia binti yake?
3. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2021 yalitangazwa tarehe 15 Januari, na ya mwaka 2022 tarehe 29 Januari. Ukitazama tarehe za mwezi tu, tofauti ni siku ngapi? Hesabu hiyo yatufundisha nini?
4. Mtahiniwa mmoja ana B mbili, C tatu na D mbili. Jumla ya alama zake ni ngapi, naye yu katika daraja gani?
5. Neno “daraja” lina maana mbili katika maneno ya bibi. Zieleze.
6. Kwa nini baba aliuliza, “Umekula?” kabla ya kusema neno jingine? Jibu kwa maneno yako mwenyewe.
7. Chora kalenda ya jamaa yenu kwa Desemba na Januari. Tia alama katika siku mnazozijua, kisha uonyeshe siku zifaazo kwa safari.