SOMO: NANI ATAMTANDIKA PUNDA WA MEFIBOSHETHI?

Soma kwanza nyumbani: 2 Samweli 4:4, 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30

Mwezi huu tunajifunza juu ya vijana wetu wenye ulemavu, pamoja na wale wenye usonji. Mwenye usonji ni mtu ambaye ubongo wake umekua kwa namna tofauti tangu utotoni. Huenda akapata shida kuzungumza, kuelewana na watu, au kuvumilia kelele na mabadiliko.

Somo hili limetokana na swali la mama mmoja baada ya ibada: "Mwanangu ana miaka 19. Namwogesha, namvalisha, namlisha. Siku nikifa, nani atamfanyia?" Hatukuwa na jibu. Tuliomba naye, kisha tukafungua Biblia.

1. Alilemaa katika kukimbia

Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya wake alimchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Sisi tuliovuka mpaka na watoto mgongoni tunaijua haraka ile.

Biblia haisemi kwamba alilogwa. Na wanafunzi walipomwuliza Yesu ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu (Yohana 9:1-3), Bwana alikataa kumlaumu kipofu, akakataa kuwalaumu wazazi wake. Usonji nao si laana, hauambukizi, wala hautokani na mama kulea vibaya. Basi tusiwafiche watoto wetu wageni wanapobisha hodi.

2. Alipata meza, akakosa punda

Daudi alimrudishia Mefiboshethi mashamba ya Sauli na kumketisha mezani pake. Siba, mtumishi, akawa analima kwa ajili yake. Lakini Daudi alipomkimbia Absalomu, Siba alimfuata na punda na vyakula, akamsema vibaya bwana wake. Mfalme aliamini, akampa Siba mali yote bila kumsikia mwenyewe.

Daudi aliporudi, Mefiboshethi alieleza kwamba alitaka kupanda punda aende na mfalme, kwa kuwa ni kiwete, lakini mtumishi wake alimdanganya.

Tuangalie vizuri. Hakukosa chakula, wala hakukosa wa kumpenda. Alikosa njia ya kufika mwenyewe na kusema mwenyewe. Mtu anayefanyiwa kila kitu yumo mikononi mwa anayemfanyia. Leo ni mama mwema, kesho anaweza kuwa Siba. Tunakiri kwamba sisi pia tumewafanyia vijana wetu kila kitu, mara kwa upendo, mara kwa haraka tu ya kuwahi foleni.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unatambua katika kifungu cha 19 haki yao ya kuishi katika jamii na kuchagua kama watu wengine. Kujitegemea si kuachwa bila msaada. Ni kuwa na sauti katika maisha yako.

3. Namna ya kufundisha

Chagueni kazi moja tu, ile ambayo kijana mwenyewe anaipenda au anaihitaji kila siku.

(a) Igawe kazi katika hatua ndogo. Kuvaa shati kuna hatua nne: kuingiza kichwa, mkono wa kwanza, mkono wa pili, kulishusha tumboni.

(b) Anza na hatua ya mwisho. Mvalishe, halafu mwachie kulishusha. Akiweza, mwachie hatua mbili za mwisho. Hivyo kila siku anamaliza mwenyewe na kufurahi.

(c) Fuata utaratibu uleule, saa ileile. Kwa asiyesema, chora hatua kwenye kipande cha boksi na kukitundika ukutani.

(d) Sema maneno machache, kisha subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusaidia.

(e) Punguza msaada polepole: mshike mkono, baadaye mwonyeshe kwa kidole, mwishowe kaa kimya.

(f) Msifu palepale. Usimpige, wala usiruhusu wadogo zake wamcheke.

Baada ya kuvaa na kuoga, endeleeni: kuchota maji bombani, kupika uji, kuhesabu fedha sokoni, kutaja jina lake na mahali anapoishi. Mwenye kifafa asiachwe peke yake kwenye moto au maji.

Mfundisheni pia kukataa. Ajue kwamba mwili wake ni wake, na kwamba mtu akimshika vibaya aondoke na kumwambia mtu anayemwamini. Kijana aliyezoezwa kutii kila mkono unaomvua nguo yumo hatarini.

4. Mama yule

Alianza na shati. Siku nyingi hapakuwa na mabadiliko, akatuambia amechoka. Asubuhi moja kijana alilishusha shati kabla hajaambiwa. Leo anavaa na kuoga mwenyewe, ila mgongo bado anasuguliwa na kaka yake. Swali la mama halijaisha, lakini limepungua uzito.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni kazi gani tunamfanyia kijana wetu ambayo angeweza kujifunza?
2. Je, huwa tunamwuliza anataka nini, kama Yesu alivyomwuliza Bartimayo (Marko 10:51)?
3. Kanisani, nani anaweza kumpokea mama mmoja saa moja kwa wiki ili apumzike?

Sala

Ee Bwana, uliyetuona njiani tulipokimbia, tupe uvumilivu wa kusubiri mikono iliyo mizito. Utufundishe kupenda bila kufunga. Walinde watoto wetu siku tusipokuwapo. Amina.