Unga wa Lishe: Chakula na Biashara

Tabora tunalima mahindi na karanga. Kikundi kinaweza kusaga unga wa lishe na kuuza. Lakini chambueni kwanza! Mahindi au karanga zenye ukungu zaweza kuwa na sumukuvu. Moto wa kupikia hauimalizi sumu hiyo. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara.

Anikeni juu ya turubai, siyo chini. Pigeni hesabu: nafaka, kusaga, mifuko, nauli. Je, faida ipo? SIDO wanafundisha, TBS wanapima na kutoa alama ya ubora. Na mteja mwambieni kweli: huu ni chakula, siyo dawa.

Maswali
1. Kwa nini tunachambua kwanza?
2. Tunaanika wapi?