Masimango ya Firauni: Darsa Kutoka Suratush-Shu'araa



Tulipofundishwa kisa cha Nabii Musa (a.s.) madrasa, wengi wetu tulikimbilia fimbo iliyogeuka nyoka na bahari iliyopasuka. Kabla ya hayo kuna mazungumzo mafupi katika Suratush-Shu'araa, aya ya 16 hadi 22, ambayo huwa tunayapita haraka. Darsa yetu imo humo.

Allah (s.w.) anawaamuru Musa na nduguye Harun (a.s.) waende kwa Firauni wakamwambie kwamba wao ni wajumbe wa Mola wa walimwengu wote, na kwamba awaache Wana wa Israili waondoke pamoja nao. Suratu Twaha, aya ya 47, inaongeza: asiwaadhibu. Hawakuambiwa wamsilimishe Firauni kwanza, kisha mambo yakitulia ndipo waguse habari ya watu wake anaowatumikisha. Dai la uhuru limo ndani ya ujumbe wenyewe, bega kwa bega na Tauhidi. Waliambiwa pia waseme kwa upole (20:44). Upole huo ni wa kauli tu. Dai halikupunguzwa hata kidogo.

Sasa tazama Firauni alivyojibu. Hakuutetea utumwa. Wana wa Israili hakuwataja kabisa. Alimgeukia Musa: si tulikulea hapa kwetu ukiwa mtoto mchanga, ukaishi nasi miaka mingi? Kisha ukatenda lile ulilolitenda, nawe huna shukrani!

Haya ndiyo tunayoyaita masimango. Anayekusimanga hana haja ya kuijibu hoja yako. Anakuhesabia matonge uliyokula kwake mpaka ulimi wako uwe mzito. Mwanafunzi anayelipiwa karo na mtu mkubwa, kisha akatakiwa anyamaze pale mtu huyo anapowadhulumu wengine, anaijua vizuri sauti hii.

Musa alianza na lile kosa. Alikubali: ndiyo, nilimuua yule mtu, nikiwa sijaongoka, nikawakimbia kwa kuwaogopa, kisha Mola wangu akanipa hekima na kunifanya mjumbe. (Katika midahalo yetu ya chuo, ni wangapi wetu tungekiri jambo kama hilo mbele ya mpinzani?) Baada ya hapo ndipo akayageukia yale malezi, katika aya ya 22. Maana ya jibu lake ni hii: je, hiyo ndiyo neema unayonisimanga nayo, na wewe umewafanya Wana wa Israili kuwa watumwa?

Wafasiri wamekhitalafiana kidogo hapa. Wapo waliosema Musa anaikiri neema ile, na wapo waliosema anaikanusha kwa njia ya swali. Lakini jiulize, Musa alifikaje katika nyumba ya Firauni? Suratul-Qasas, aya ya 4, inaeleza kuwa Firauni aliwagawa watu makundi, akalidhoofisha kundi moja, akiwachinja watoto wao wa kiume na kuwaacha hai wanawake wao. Mama yake Musa alimtupa mwanawe mtoni kwa kuikimbia amri hiyo. Lau si dhulma ile, Musa angelelewa kwao. Firauni anadai ashukuriwe kwa kumlea mtoto mmoja, ilhali kilichomtoa mtoto huyo mikononi mwa mamaye ni visu vyake mwenyewe.

Musa hakukana kwamba alilelewa. Uislamu unatutaka tuwashukuru waliotutendea wema, na kukana wema si uhodari. Alilolikataa ni kulipa deni lake kwa migongo ya watu wengine.

Kuna neno la Kiarabu la kulizingatia: mann. Katika aya hii ya 22 lina maana ya kusimanga, na ndilo tunalokatazwa katika Suratul-Baqarah, aya ya 264, kwamba tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Rudi sasa Twaha, aya ya 37 hadi 39. Allah anamkumbusha Musa utoto ule ule, kwa neno la asili hiyo hiyo, safari hii kwa maana ya kufadhili: Sisi ndio tuliokufadhili, tulipompa mama yako ilhamu, ili ulelewe mbele ya macho Yangu. Tukio ni moja, na wanaodai kulea ni wawili. Musa aliingia kwa Firauni akiwa amekwisha kuambiwa mlezi wake ni nani.

Ndiyo maana suala la utumwa haliwezi kutengwa na Tauhidi. Katika Suratul-Muuminun, aya ya 47, Firauni na wakuu wake wanalidharau kaumu la Musa kwa kusema ni watumwa wao. Katika Suratud-Dukhan, aya ya 18, kwa mujibu wa tafsiri ya wengi, Musa anataka akabidhiwe watu hao hao, na jina analowaita ni waja wa Allah.

Firauni alijibu nini baada ya aya ya 22? Hakujibu. Katika aya ya 23 alibadilisha mazungumzo, akauliza Mola wa walimwengu ni nini. Ilipofika aya ya 29 alikuwa akitishia jela. Habari ya malezi hakuigusa tena.

Wallahu a'lam.