Data za duka zikae wapi?

Swali: Nina duka la dawa Buyenzi, Bujumbura. Nikiunganisha kompyuta ya dukani na hifadhi ya mbali, data zitalingana papo hapo?

Jibu: Zinaweza, ila sikushauri. Hapo kila risiti itasubiri jibu kutoka mbali. Intaneti ikisuasua, mteja anaganda kaunta na panadoli mkononi. Acha kompyuta iandike dukani kwanza, kisha itume mabadiliko yenyewe. Likitokea la kutokea, kwa kawaida utapoteza data za dakika chache za mwisho, basi. Nakala isikae jengo moja na duka: Soko Kuu la Bujumbura liliteketea Januari 27, 2013. Tena ukifuta faili kwa bahati mbaya, litafutika kote kuwili. Tunza pia nakala za siku zilizopita. Jumapili hii jaribu kurejesha moja.