Ubavu Wangu Uko Wapi?

Maandiko: Mwanzo 24 (sura yote), Mwanzo 27, 1 Wakorintho 7:39



Wiki chache zilizopita, baada ya ibada ya pili, dada mmoja wa kikundi cha vijana alinifuata pale nje karibu na tanki la maji. (Amenikubalia niandike haya mradi nisimtaje.) Kuna ndugu wa kanisa lingine amemwambia kwamba katika maombi ya usiku Bwana amemwonyesha kuwa yeye ndiye mke wake. Ndugu mwenyewe hana ubaya. Ana kazi, anaheshimu watu. Dada akaniuliza, "Pasta, nikimkataa, nitakuwa nimemkataa yeye ama nimemkataa Mungu?" Nikawa bado natafuta jibu la kichungaji, akaongeza, "Shida ni kwamba mimi sisikii chochote moyoni. Na kwenye vitabu mtu husikia."

Vitabu gani? Akacheka kwa aibu, akafungua mkoba. Biblia upande huu, upande ule riwaya nene imekunjwa kona za kurasa kama daftari la mahudhurio. Nikamwomba aniazime. Sikutaka kufundisha juu ya kitu ambacho sijakisoma.

Nilikaa navyo usiku nne, cha kwanza na cha pili. Mke wangu aliamka saa saba usiku akanikuta sebuleni. "Baba watoto, unasoma nini saa hii?" Nikamwambia ninaandaa somo. Akaangalia picha ya jalada, akaniangalia mimi, akarudi kulala.

Niseme mapema kwamba sivipendekezi. Vina kurasa za chumbani ambazo nilizipita mbio, kama mpendwa anayepita mbele ya baa ya mtaa wao. Lakini nilielewa kitu, na ndicho ninachotaka tukiongee leo, kwa sababu naona tumekuwa tukiwakemea vijana kwa kusoma hadithi ambayo sisi wenyewe tunaihubiri kwa lugha nyingine.

Kwa wale hawajui, hadithi hizi zinakwenda hivi. Kuna dunia ya kubuni, yenye wachawi, watu wanaogeuka mbwamwitu, na viumbe wazuri wasiozeeka. Katika dunia hiyo mtu ana mwenza mmoja aliyepangiwa na majaliwa. Wakikutana, kifungo kinajitambulisha chenyewe. Wengine hujua kwa harufu, wengine kwa kuangaliana mara moja tu. Katika vile vitabu vya Twilight vya Stephenie Meyer, ambavyo vilianza kutoka mwaka wa 2005, kijana mbwamwitu anaweza kumwona mtu na papo hapo maisha yake yote yakageukia kwake. Kitabu cha mwisho, cha 2008, kilifikisha jambo hilo mahali ambapo hata wasomaji wengi walishtuka, maana kijana Jacob anafungwa kwa mtoto mchanga aliyezaliwa siku hiyo. Hivi nilivyoazimwa ni vya Sarah J. Maas, Mmarekani, na mfululizo wake ulianza 2015 na A Court of Thorns and Roses. Na kwenye Wattpad, ule mtandao wa kusoma na kuandika hadithi kwa simu, za aina hii ni nyingi ajabu. Usifikiri binti yako hazijui.

Sasa, utamu wake ni nini? Nilidhani ni sura ya mwanaume. Sivyo. Nilisomea biashara kabla ya Biblia, kwa hiyo nitumie mfano wa darasa lile. Mwaka wa 1970 mchumi mmoja Mmarekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika, na kazi ya namna hiyo ilimpa Nobel mwaka wa 2001. Hoja yake kuu ni rahisi. Anayeuza gari analijua, anayenunua hajui. Limeoshwa, tairi zimepakwa nyeusi, injini inanguruma vizuri asubuhi moja. Kwa hiyo mnunuzi anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Atakuja na fundi wake afungue boneti.

Uchumba nao ni hivyo hivyo. Kila mtu anakuja ameoshwa. Dada ameongea na watu watatu, wa kwanza alikuwa na mke nyumbani, wa pili alikopa pesa akanyamaza, wa tatu alimpima kama mtu anayechagua sufuria. Kila mara anaanza upya kujieleza. Mimi ni nani, nataka nini, mbona sijaolewa. Amechoka na mahojiano. Halafu anafungua kitabu, na humo kuna dunia ambayo hakuna fundi wa kuitwa, kwa sababu hakuna kilichofichwa. Mwanaume anahisi huzuni yake kabla hajaisema. Hawezi kumlinganisha na mwingine. Hawezi kuondoka. Huko ni kupumzika, wapendwa. Ukimcheka mtu kwa kutamani pumziko, hujamsaidia.

Na kuna jambo zito zaidi. Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine kwa sababu wenzao walikuwa wanauawa, na mara nyingi anayeshikwa ni mtu waliyempenda au waliyemwamini. Wengi wenu mlikuwa mkizungumza habari hizo hapa kanisani. Sasa mwangalie huyo shujaa wa riwaya. Ndiye mtu hatari kuliko wote katika nchi ile, anaua kwa mkono mmoja, kila mtu anamkimbia. Lakini kwa sababu ya kifungo hawezi kumdhuru yeye. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Mimi sijawahi kutuma namba ya gari nililopanda kwa rafiki ili ajue nitatafutwa wapi. Dada zenu wanafanya hivyo kila wiki. Ndugu, hilo tulijue kabla ya kuanza kuwauliza kwa nini wanapenda hadithi za mbwamwitu.

Hata kuna tawi la hadithi hizi ambapo mkuu wa kundi anamkataa mwenza wake hadharani, kwa sababu ni maskini au mnyonge. Anaondoka na uchungu wake. Miaka ikipita anarudi ana nguvu na heshima, na yule mkuu sasa ndiye anaomba. Usiniambie hujui ushuhuda wa namna hiyo. Tunaupigia makofi kila mwezi.

Lakini hili wazo la nusu yako inayokutafuta limetoka wapi? Wengi wetu tungejibu kwamba ni Mwanzo 2, ubavu wa Adamu. Tunasema kabisa, "Bado sijapata ubavu wangu." Lakini soma vizuri. Adamu hakuutafuta ubavu wake katikati ya mabinti elfu; alikuwa peke yake bustanini, hakukuwa na wa kulinganisha. Hadithi ya nusu mbili zinazotafutana ni ya Wagiriki. Iko katika Karamu ya Plato, iliyoandikwa yapata miaka 2,400 iliyopita. Binadamu wa kwanza walikuwa na mikono minne na miguu minne, Zeu akawakata katikati, na tangu hapo kila nusu inalia kutafuta mwenzake. Na anayeisimulia pale ni Aristofane, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, wakiwa kwenye divai. Wayahudi nao wana yao. Katika Talmudi imeelezwa kwamba siku arobaini kabla mtoto hajaumbwa, sauti mbinguni hutangaza atakayeoana naye. Kiu hii ni ya zamani, haikuanza na simu.

Sasa nije kwetu, na hapa niongee juu yangu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, kiongozi wa maombi katika ushirika wa wanafunzi. Kulikuwa na dada niliyempenda na sikuwa na ujasiri wa kumwambia nampenda. Nikafunga siku tatu. Usiku wa tatu, nikiwa na njaa na nikiwa nimemfikiria yeye tangu asubuhi, nikamwota. Ajabu ilikuwa wapi? Kesho yake nikamfuata nje ya maktaba nikamwambia, "Bwana amesema wewe ni mke wangu." Sikumuuliza swali hata moja. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kama ni Bwana, sawa. Tulikaa hivyo miezi saba. Siku aliyokuja kuniambia hawezi tena alikuwa anatetemeka, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani anatetemeka kwa kunipenda. Alikuwa anaogopa laana.

Mwaka huu nilimtafuta nikamwomba msamaha. Ameolewa, ana watoto. Akasema alinisamehe zamani. Lakini akaniambia kwamba baada ya pale alikaa karibu mwaka mzima bila kuweza kuomba, kwa sababu kila akifumba macho aliona amemkosea Mungu. Mimi ndiye nilimfanyia hivyo. Niliogopa kukataliwa kama mwanaume, kwa hiyo nikaweka jina la Mungu mbele ili asiweze kukataa.

Tunasema "Bwana amenionyesha" na tunakusudia kile kile ambacho riwaya inakiita kifungo cha majaliwa. Tofauti ni kwamba riwaya, mara nyingine, ina adabu kuliko sisi. Katika kitabu cha pili cha Maas, mwanaume amejua kwa muda mrefu kwamba huyu ndiye mwenza wake, na amenyamaza. Msichana anaambiwa na kiumbe kingine, anakasirika sana kwamba alifichwa, anaondoka kwenda kukaa mbali na kufikiri. Kifungo hakikamiliki mpaka yeye mwenyewe akubali, na dalili ya kukubali ni kumpa mwanaume chakula. Anampashia supu! (Mke wangu alipofika hapo aliuliza yeye ameshakubali mara ngapi.) Na katika kitabu hicho hicho, wazazi wa yule mwanaume walikuwa wenza wa majaliwa kabisa, na hawakufaana. Mwandishi wa hadithi za kubuni amejua kwamba kupangiwa si kupatana.

Rudi sasa Mwanzo 24, sura ambayo sisi wote tunaitumia kutetea ishara. Kabla mtumishi hajaondoka, anamuuliza Ibrahimu, je, huyo mwanamke asipotaka kuja? Na Ibrahimu anajibu, mstari wa 8, kwamba akikataa, kiapo kimekwisha, uko huru. Angalia ni nani anasema hivyo. Ni Ibrahimu, mwenye ahadi kubwa kuliko zote, na bado ameacha nafasi ya msichana asiyemjua kusema hapana. Halafu ishara yenyewe. Ngamia walikuwa kumi. Ngamia mwenye kiu kali anaweza kunywa hata lita 100, na hawa walikuwa wametoka safari ndefu. Piga hesabu kwa mitungi yetu ya lita 20 uone ni safari ngapi za kisimani, kwa mgeni ambaye hata hujui jina lake. Mtumishi hakungoja kusikia kitu kifuani. Aliangalia tabia, jioni moja nzima, bila msichana kujua kwamba anaangaliwa. Yule ndiye fundi aliyefungua boneti. Na kesho yake, mstari wa 57 na 58, ndugu zake wanamwita Rebeka wanamuuliza mwenyewe kama atakwenda, naye anakubali kwa kinywa chake.

Kisha nenda sura ya 27. Wenzi hao hao. Baba ana mtoto wake, mama ana wake. Isaka amezeeka haoni, na Rebeka anamvalisha Yakobo ngozi za mbuzi ili wamdanganye mzee. Ishara ya kisimani ilikuwa ya kweli, na haikuwaondolea kazi ya kuambiana ukweli miaka yote iliyofuata. Paulo naye, akimwandikia mjane, anamwachia aolewe na amtakaye, sharti moja tu, awe katika Bwana.

Kuna utafiti wa mwaka wa 2014, wa Spike Lee na Norbert Schwarz, ambao ningependa wachumba wote wausikie. Waliowaza mapenzi kama nusu mbili zilizoumbiwa kuungana, walipokumbuka magomvi yao waliona uhusiano wao umepungua thamani. Waliowaza mapenzi kama safari, kukumbuka magomvi hakukuwaumiza hivyo. Naelewa kwa nini. Kama wewe ni nusu yangu, basi ugomvi wa pesa ya umeme unamaanisha nilikosea mtu.

Mimi na mke wangu tulikutana kwenye kamati ya fedha ya kanisa. Alikataa kutia sahihi ripoti yangu kwa sababu risiti mbili zilikosekana. Hakukuwa na mwanga, hakukuwa na harufu. Nilikasirika siku mbili, kisha nikatafuta risiti.

Kwa yule dada, nilimjibu kwamba ako huru, kama Rebeka alivyokuwa huru. Akamwambia ndugu yule kwamba hasikii chochote bado, na kama anataka kumjua, waanze kwa kujuana, na ukweli kwamba aliota usiwekwe mezani tena. Ndugu amekubali, ingawa kwa shingo upande. Wameonana mara mbili, pamoja na wenzao.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili vijana wabaki, ndugu nyuma ya kanisa pamoja nami, dada kwenye chumba cha watoto pamoja na mke wangu. Dada ameniomba nimrudishie kitabu cha pili. Kiko kwa mke wangu, amefika katikati.